Maji ya Chini ya Stesheni

Kama nyumba unayokaa imesimama juu ya nguzo za msonobari, na chumba chake cha chini kina maji, yaache hayo maji. Usiyavute. Hata kama mtoto anakohoa ghorofani, hata kama ukuta unaota ukungu kama mkate uliosahauliwa kabatini, yaache. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hawatasoma hadi mwisho, na hapa mtaani kwetu nawaona wanawake vijana wanavyotoka dukani na pampu zao, wana furaha kana kwamba wamenunua kitanda cha mtoto. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Naitwa Aaltje Meulenkamp, na stesheni ya Wolderzijl, ile ya zamani yenye mnara, niliiangusha mimi.

Watu wa umri wangu wanaikumbuka. Ilikuwa ya matofali mekundu, ukumbi katikati na bawa kila upande. Mnara wa saa ulikuwa juu ya bawa la mashariki, na sisi tulikaa chini ya mnara huo, vyumba vitatu na jiko, kwa sababu mume wangu Berend alikuwa msimamizi wa jengo. Dari ya ukumbi ilikuwa ya mbao, boriti zake zimepakwa rangi ya kijani na dhahabu. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya vigae, wanaume wakikata udongo mweusi wa kuwashia moto, na mmoja wao amegeuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Vyumba vya kungojea vilikuwa vitatu. Cha daraja la kwanza kilikuwa na viti vya mahameli, cha pili viti vya ngozi, na cha tatu mabenchi matupu, lakini chumba hicho cha tatu ndicho kilichokuwa na tanuri na kahawa ya Bibi Hille, kwa hiyo hata wenye tiketi za kwanza walikuja kuketi huko wakijifanya wamepotea.

Bibi Hille Terpstra alikuwa mjane, mfupi, sauti nzito ya mvuta tumbaku. Historia ya stesheni alikuwa nayo yeye kuliko ofisi yoyote.

"Hii unayoiona ni ya pili," alikuwa akiwaambia wasafiri hata kama hawakumuuliza. "Ya kwanza ilikuwa ya mbao tupu, kuanzia sakafu mpaka paa. Unajua kwa nini? Mji huu ulikuwa ngome. Sheria ya jeshi ilisema ukijenga nje ya ukuta, jenga kwa mbao, ili adui akija wanajeshi waichome haraka wapate pa kulenga mizinga. Kwa hiyo walijenga stesheni huku kiberiti kiko mfukoni!"

"Na adui alikuja?" msafiri angeuliza.

"Hakuja. Walikuja wakaguzi. Heri angekuja adui."

Kuta za ngome zilipobomolewa na sheria ikafutwa, ndipo wakajenga hii ya matofali. Huo ulikuwa mwaka 1884. Udongo wa kwetu ni tope mpaka kina cha nyumba nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo kwanza zilipigwa chini nguzo elfu moja na mia moja na arobaini. Baba yake Bibi Hille alikuwa mmoja wa wale wanaume thelathini waliovuta kamba ya nyundo kubwa, wakiimba ili wavute pamoja. "Na kila nguzo baba aliipiga kwa jina la mama mkwe wake," alikuwa akisema. "Ndiyo maana zimezama vizuri hivyo."

Sasa sikilizeni jambo la nguzo, maana ndilo kiini cha yote. Mti uliozama kabisa majini hauozi. Unaweza kukaa miaka mia, mia mbili, ukatoka unanukia utomvu. Hewa ndiyo inayouozesha. Kichwa cha nguzo kikibaki nje ya maji, ukungu unakishika, na nyumba nzima imekalia kichwa hicho. Kwa hiyo kwetu hatuogopi maji yaliyo chini ya nyumba. Tunaogopa yakiondoka.

Berend alinieleza hayo wiki ileile tuliyohamia. Nje, kwenye kona ya mnara, palikuwa na bomba lililoshuka ardhini, lina kifuniko cha chuma. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa akishusha ndani yake kamba yenye timazi. Kwenye kamba kulikuwa na fundo la uzi mwekundu. Fundo likitoka limelowa, basi vichwa vya nguzo vimo majini, na yeye anaandika kwenye daftari. Likitoka kavu, apige simu makao makuu siku hiyohiyo. Alifanya hivyo kwa miaka mingi kama mtu anayesali, kofia kichwani, vifungo vyote vimefungwa, hata mvua inyeshe.

Pampu ilikuwa kwenye chumba cha chini, karibu na makaa. Ilikuwa na kanuni yake, imebandikwa ukutani: iwashwe maji yakifika ngazi ya pili, izimwe yakishuka chini ya ngazi ya kwanza. Basi.

Mtoto wetu wa kike, Trijn, alifariki Februari ya mwaka 1947, ule mwaka wa barafu. Alikuwa na miaka miwili. Daktari Ploeg alisimama jikoni amevaa koti lake, nikamuuliza ni nini kimemuua mwanangu, naye akasema kwa uchovu, "Mapafu, mama. Baridi, unyevu, moshi, nani ajue." Kati ya maneno matatu mimi nikalishika moja. Nilikuwa nimeuona ule ukungu mweusi nyuma ya kitanda chake. Nilikuwa nimeusugua kwa maji ya soda hata kucha zikauma, na baada ya wiki ukarudi uleule, mahali palepale.

Alibaki Wiebe. Mwaka 1949 alikuwa na miaka sita, na vuli ile akaanza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kama mtu anayekokota kiti sakafuni. Nilikuwa nikikaa naye mezani anakula viazi vyake, anakata kimoja, anakohoa, anakata cha pili, anakohoa, na mimi nahesabu.

"Berend," nilimwambia mume wangu, "tukaushe chumba cha chini."

"Hakikaushwi kile."

"Pampu ipo."

"Pampu ni ya mafuriko, Aaltje. Si ya kukaushia nyumba."

"Nusu saa tu kila siku. Mtoto anapumua maji."

Alimtazama Wiebe, akaweka uma chini. "Nusu saa," akasema. "Halafu unazima. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nilianza kwa nusu saa, Mungu ni shahidi. Nusu saa haikubadilisha kitu. Ikawa saa nzima, ikawa asubuhi yote, na kabla ya Krismasi ilikuwa inavuma kutwa kucha. Masikio ya Berend yalikuwa yameliwa na injini kwa miaka ishirini, na sakafu ya stesheni haikosi mtetemo. Jioni angeniuliza, "Umezima?" nami nikajibu, "Nimezima," huku nikimpakulia supu.

Jumatatu ya kwanza ndiyo iliyonitia hofu. Nilikumbuka kamba. Kama fundo lingetoka kavu, angejua. Kwa hiyo Jumamosi jioni nikazima pampu na kusubiri, na kweli maji yakarudi taratibu toka pande zote, Jumapili tukiwa kanisani yakapanda, na Jumatatu saa mbili fundo likatoka linadondosha maji. Berend akaandika. Nami, kama kila mwanamke wa mji wetu siku ya Jumatatu, nikaweka sufuria ya nguo motoni, nikashuka na kapu la nguo chafu, nikawasha tena.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Jumatatu nawasha, Jumamosi nazima. Kwa miaka kumi na miwili.

Msijiulize kama nilijua nafanya nini. Nilijua nusu. Nilijua nguzo zinataka maji, nikajiambia siku mbili kwa wiki zinatosha, kama vile mtu anavyomwagilia ua la dirishani. Sikujua kwamba kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, ni kubaya kuliko kukauka moja kwa moja. Hilo nililisikia baadaye, kutoka kwa mtu aliyekuwa ananitazama kama ninavyotazama panya.

Msimu wa kwanza Wiebe hakupona. Nikasema kuta huchukua muda kukauka. Msimu wa pili akalazwa majuma matatu. Nikasema angekuwa amekufa kama si pampu. Ndipo ikaja masika ya mwaka 1952, na kikohozi kikapungua, na kufikia kiangazi kikakoma. Mvulana alikuwa anakimbia jukwaani kushindana na treni zinazoondoka, mashavu mekundu. Nilishuka kwenye kile chumba cha chini, kikavu, kinanukia vumbi, nikaweka mkono juu ya pampu iliyo moto nikalia kwa shukrani.

Masika hayohayo walikuwa wamemaliza kutundika nyaya juu ya reli, na treni za mvuke zikaacha kupita kwetu. Zilikuja za umeme, za kijani, kimya, hazina moshi. Mapazia yangu yaliacha kuwa meusi. Hilo nililiona, nikafurahia mapazia.

Dalili zilianza polepole. Mwaka 1957 mlango wa chumba cha daraja la pili ukakataa kufunga. Seremala akaupiga randa. Mwaka uliofuata ukakataa tena, akaupiga randa tena. Bibi Hille akaweka kikombe mezani, kikateleza chenyewe mpaka ukingoni.

"Meza yangu imelewa," akaita. "Berend! Njoo uone, meza inakunywa kuliko wewe!"

Berend akacheka, lakini alipiga magoti akatazama sakafu, akakaa hivyo muda mrefu. Jumatatu iliyofuata alishusha kamba mara mbili.

"Maji yapo," aliniambia akiingia, akijifuta mikono. "Yapo kabisa. Sielewi."

"Labda ni treni," nikasema. "Mtetemo."

"Treni za umeme hazitikisi hata kijiko."

"Basi nyumba ni ya zamani tu."

"Nyumba ya nguzo haizeeki, Aaltje. Maji yakiwepo, haizeeki." Aliketi, akachukua kahawa yake na biskuti yake moja, hakuila.

Hapo ningeweza kusema. Wiebe alikuwa na miaka kumi na mitano, anafunga mabao uwanjani. Ningeweza hata kunyamaza na kuzima pampu tu, ifie hapo. Lakini kila nilipoweka mkono kwenye swichi niliona ule ukungu nyuma ya kitanda cha Trijn. Nikasema, baridi hii ipite kwanza. Ikapita. Nikasema, na ijayo.

Bibi Hille alikuwa na macho. Siku moja alinikuta nikitandaza nguo uani, karibu na mtaro ambako bomba la pampu lilimwaga.

"Huu mtaro wako una dini sana," akasema. "Wiki nzima unatiririka, Jumapili unapumzika."

Nilishika shuka nikalikunja ovyo. "Ni maji ya kufulia tu, Bibi Hille."

"Kufua mpaka Ijumaa? Kwani mnafulia jeshi?"

Alingoja. Nikachukua shuka lingine. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye tanuri lake, na hakulitaja tena. Nadhani alifikiri ni mwanamke tu na siri zake za jikoni.

Mwaka 1960 ufa ulitokea juu ya dirisha la jiko letu, mwembamba kama unywele. Berend alibandika juu yake kipande cha kioo kwa plasta, kama wafanyavyo waashi, ili aone kama ufa unaendelea. Baada ya mwezi kioo kilikatika katikati. Akabandika kingine. Kikakatika. Aliandika barua makao makuu, barua tatu, kwa mwandiko wake mzuri, na katika kila moja aliandika kwamba maji yako mahali pake, kwamba yeye mwenyewe amepima.

Mwezi Oktoba mwaka 1961 walimtuma mhandisi, kijana aliyeitwa Krijnen, mwenye buti mpya, pamoja na wafanyakazi wanne na koleo. Alikuja bila taarifa. Ilikuwa Alhamisi.

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Dirisha lilikuwa wazi, na bomba la kupimia lilikuwa chini yake, kwa hiyo nilisikia kila neno. Chini ya miguu yangu pampu ilikuwa inavuma.

"Bwana Meulenkamp, fundo limetoka kavu," akasema mhandisi.

"Haiwezekani, bwana."

"Lishike mwenyewe."

Kisha sauti ya Berend, imekuwa nyembamba. "Jumatatu lilikuwa majini."

"Jumatatu ya mwaka gani?"

"Ya wiki hii, bwana. Nimeishika kamba hii kwa mkono wangu."

"Nina daftari lako hapa. Miaka kumi na miwili hujaandika hata siku moja kavu. Milango haifungi, ufa unakata vioo, na wewe kila Jumatatu umeandika fundo limelowa. Niambie kweli. Ulikuwa unapima, au ulikuwa unanakili mstari wa juu?"

"Nilikuwa napima."

"Kitandani?"

Mmoja wa wafanyakazi akacheka. Nilichungulia. Berend alikuwa amevua kofia. Sijawahi kumwona mume wangu akivua kofia mbele ya lile bomba. Alikuwa anaipapasa kamba, inchi kwa inchi, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea, na masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Ningeweza kuzima. Ndani ya saa chache maji yangeanza kurudi, na hakuna ambaye angejua kamwe. Angebaki yeye na jina la mwongo, na mimi na mtoto mzima. Nakiri kwamba nilisimama pale nikiwa na kiazi mkononi nikalifikiria hilo, na halikuwa wazo la haraka.

Kisha nikatoka na aproni yangu.

"Ni mimi," nikasema.

Mhandisi aligeuka. "Wewe nini, mama?"

"Pampu. Iko chini, inafanya kazi sasa hivi. Naiwasha Jumatatu akishapima. Naizima Jumamosi jioni."

"Kwa nini Jumamosi?"

"Ili maji yapande mpaka Jumatatu."

Hakuelewa mara moja. Nilimwona anahesabu siku kichwani, na alipofika mwisho akafumba daftari taratibu. Bibi Hille alikuwa amesimama mlangoni na birika lake.

"Mungu wangu, Aaltje," akasema. "Na Jumapili zote zile umeketi mbele yangu kanisani, umeimba."

Berend alishuka ngazi za chumba cha chini. Mvumo ukakoma, na ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau jinsi nyumba ile inavyosikika bila huo mvumo.

Alasiri walichimba shimo kando ya mnara. Walipofikia msingi, msimamizi wao alitoa kisu cha mfukoni akakichoma kwenye kichwa cha nguzo ya kwanza, kikazama mpaka mpini. Ya pili vilevile. Berend aliingia shimoni na viatu vyake vya kazi, akamega kipande kwa vidole, akakikamua. Maji meusi yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Walikata zaidi, mkono mmoja chini, na hapo mti ulikuwa wa njano, mgumu, na harufu ya utomvu ikapanda mpaka tulipokuwa tumesimama, mpya kabisa, kama imekatwa wiki hiyo msituni.

"Miaka sabini na saba," alisema Bibi Hille kwa sauti ndogo. Safari hii hakuwa na utani.

Mnara waliutoa kabla ya mwezi kwisha, wakiogopa usiangukie jukwaa. Bawa la mashariki likafuata. Kisha wakaona ukumbi ulikuwa umeegemea bawa, na boriti zile za kijani na dhahabu zimeanza kuchomoka kwenye ukuta, na ofisi ikaamua kwamba kutengeneza ni kazi kubwa kuliko kujenga. Kufikia kiangazi hapakuwa na kitu. Sasa pana sanduku la zege na vioo, chumba kimoja cha kungojea, hakina tanuri. Bibi Hille hakupewa nafasi. Alikaa kwa binti yake miaka miwili, akafa akitazama uani.

Berend alihamishiwa yadi ya mabehewa, mji mwingine, saa moja kwa treni. Barua ilisema uzembe, kwamba hakulinda ufunguo wa chumba cha pampu. Hakunigombeza. Tulipewa nyumba mtaani, hapohapo Wolderzijl, vyumba vinne, vikavu, na siku ya kwanza tuliketi kati ya masanduku tukala mkate mweusi na jibini, ndipo akasema, "Ungeniambia unaogopa."

"Nilikuambia."

"Uliniambia kuhusu pampu. Hukuniambia kuhusu Trijn. Ningeomba nyumba nyingine. Zile za wafanyakazi kwenye barabara ya kinu, mwaka 1949 mbili zilikuwa tupu. Ilikuwa kuomba tu."

"Kwa nini hukuomba?"

"Nilidhani unapapenda pale. Ulikuwa unasugua zile kuta kama zako."

"Mimi? Mimi nilidhani wewe ndiye unayepapenda."

Alikata kipande kingine cha jibini, akakiweka kwenye sahani yangu.

Wiebe alikuwa na miaka kumi na minane. Hakuna aliyemwambia, lakini mji mzima ulikuwa unajua, naye akajua. Watu hawakuwa wabaya kwake. Walimsalimia. Lakini akikimbilia treni, mtu angesema, "Angalia mapafu hayo!" kwa nia njema tu, na wenzake wangetazama pembeni, kule pengo la mnara lilipokuwa.

Alipoitwa kupimwa kwa ajili ya jeshi, walitaka karatasi za utotoni, akaenda kwa Daktari Ploeg, aliyekuwa amezeeka sana. Alirudi, akasimama jikoni bila kuvua koti.

"Mama, nilipona mwaka gani?"

"Hamsini na mbili. Masika."

"Amenionyesha kwenye kadi yake. Akaniuliza, treni za mvuke zilikoma lini kwenu. Dirisha langu lilikuwa juu ya jukwaa la kwanza, mama. Injini zilikuwa zinasimama pale zikipumua moshi dakika kumi, mara thelathini kwa siku."

"Na unyevu je? Hakusema unyevu?"

"Amesema labda. Amesema labda vyote viwili. Amesema sasa huwezi kujua."

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui."

Mpaka leo sijui, na wala hakuna atakayejua. Nikilala upande mmoja, nilimwokoa mwanangu na nikaangusha stesheni. Nikigeuka upande wa pili, niliangusha stesheni tu.

Wiebe alikuwa amependa jengo lile kuliko sisi sote. Alizaliwa chini ya saa yake, na alikuwa ametaka kujifunza kazi ya baba yake. Mwaka 1963 alijaza fomu za Kanada, kama vijana wengi wa wakati ule, na alipotuambia, Berend aliuliza tu kama huko kuna kazi ya reli.

"Nitafanya chochote," Wiebe akasema. "Ila si mahali ambapo kila nikivuta pumzi mtu anafikiria matofali."

"Hakuna anayekulaumu, mwanangu," nikamwambia.

"Najua, mama. Hakuna anayenilaumu. Mimi ndiye sababu tu. Sitaki kuwa sababu."

Tulimsindikiza asubuhi, kwenye lile sanduku jipya. Mvua ya Novemba ilikuwa inakuja ya ubavu, na jukwaa halikuwa na paa isipokuwa kipande kidogo katikati, ambapo watu walikuwa wamebanana. Berend alimpa mkono, akaushikilia, akasema atunze nyaraka. Wiebe alinibusu mashavuni mara mbili, akapanda na sanduku lake moja. Aliteremsha dirisha la behewa, akatoa kichwa, mvua ikampiga usoni, naye anajaribu kuniambia jambo kabla filimbi haijalia.

"Wiebe!" nikapiga kelele. "Funga dirisha! Upepo huo, kifua chako!"

Alinitazama. Kisha akafanya kama nilivyomwambia. Alipandisha kioo mpaka juu, na nyuma yake nikaona midomo yake inaendelea kusema, na sikusikia hata neno moja.